Mama wa Kuazima

Mimi ni mtu wa wivu, na sijawahi kuuficha. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nao, kwamba hata titi nililishika kwa mikono miwili nisije nikanyang'anywa. Kwa hiyo anayetaka habari za mwanamke mpole aliyehamia nchi ya watu akapendwa na kila mtu, akatafute kwingine. Mimi nitasema yaliyonipata Homa Bay, miaka ya tisini, pale jirani yangu aliponichukulia mtoto mchana kweupe, nikiwa nimempakata mwenyewe, na mimi nikamwambia asante.

Tulitoka Morogoro. Mume wangu ni fundi wa mitambo ya barafu, na wakati ule viwanda vya samaki upande wa Kenya vilikuwa vinatafuta mafundi wa namna yake. Tajiri wake alituweka kwanza Migori, nyumba ya Homa Bay ikitafutwa. Migori sikuona shida. Mpaka uko pale pua na mdomo. Sokoni unamkuta Mkurya aliyelala jana Sirari, upande wetu, unamkuta muuza vitenge anayekujibu Kiswahili ulichokizoea, na jioni redio inashika Dar es Salaam. Aliyenikera ni mwenye duka mmoja tu. Nilimwambia kwa adabu niliyofunzwa, "Naomba chumvi," akanitazama juu mpaka chini, akasema, "Mama, hapa hatuombi, tunanunua." Sikukanyaga tena duka lake mpaka tunahama.

Homa Bay ndiko nilikojua kuwa nimetoka kwetu. Tulipita Rongo, tukapita Rodi Kopany, vyombo vyetu vikigongana nyuma ya lori na mimba yangu ikiwa kubwa, na tulipoteremka nikasikia watu wote wanaongea lugha moja na mimi siimo. Ploti yetu ilikuwa na nyumba mbili za mabati zinazotazamana, ua mmoja, bomba moja. Nyumba ya pili alikaa mama mmoja mtu mzima, mjane, watoto wake wote wa kiume na wote wako Nairobi. Alinunua samaki ufukweni, akawapasua, akawatia chumvi, akawaanika kwenye kichanja mbele ya mlango wangu, wakikauka anakwenda kuwauza Rodi. Nguo zangu zote zilinuka samaki. Hata kanga za sanduku.

Alinipokea vizuri, siwezi kumsingizia. Siku ya kwanza alileta samaki, ngege wa kukaanga, na sufuria ya uji, akaketi kwenye kizingiti, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomjibu akapiga makofi. "Basi wewe ni Nyar Tanzania," akasema. Kwa Wajaluo mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kule alikotoka, msichana wa mahali fulani, na mume wangu akanieleza kwamba ni heshima. Yeye mume wangu Kijaluo kilimwingia kama maji kwenye mchanga. Baada ya muda mfupi anasalimia, anatania, anachekesha watu kiwandani, akirudi nyumbani ananisimulia vichekesho ambavyo kwa Kiswahili havichekeshi. Hilo nalo liliniuma. Tulikuja wawili, mbona anawahi peke yake?

Mtoto akazaliwa, wa kike. Jina nilikuwa nalo tangu mimba changa. Nilimwahidi mama yangu siku tunaagana stendi ya Morogoro kwamba nikipata wa kike, ni yeye. Mama alijifanya kukasirika, akasema wajina wake asije akawa mbishi kama mimi, lakini nilimwona anafuta macho kwa ncha ya kanga. Sisi Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Baba ni baba, tunamheshimu, ila damu inahesabiwa kwa mama na mama wa mama. Basi nikawa nangoja siku ya saba, kama dini yetu inavyotaka, mtoto anyolewe, apewe jina la bibi yake.

Mtoto hakunipa nafasi. Tangu tulipotoka hospitali alikuwa analia. Si kulia kwa njaa, si kwa tumbo; analia tu, mpaka anakuwa mwekundu, mpaka sauti inakauka, akipumzika kidogo anaanza upya. Titi analikataa. Nilimpaka mafuta, nikambeba, nikamsomea nilichokijua. Mume wangu yuko kazini. Mama yangu yuko mbali, nchi nzima iko katikati. Nikakaa kitandani na mimi nikaanza kulia, tukawa tunalia wawili.

Jirani akaingia bila kubisha. Alikuwa amenawa mikono lakini magamba ya samaki yalikuwa bado kwenye viwiko.

"Nyar Tanzania, hii mtoto si mgonjwa," akasema. "Anataka jina. Nyinyi mumemwita nani?"

"Bado. Mpaka siku ya saba."

"Siku ya saba! Yawa! Na leo atalala na nini?" Akamchukua, akamlaza kwenye mapaja yake. "Watu yako waliokufa wako mbali sana, hawawezi sikia. Wacha nikuazime yangu."

Sikujua anasema nini. Nilichojua ni kwamba mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi na kichwa kinaniwanga. Nikamwambia, "Ita hata jina la kichaa, ilimradi anyamaze."

Akaanza. Akataja jina la shangazi yake, marehemu, mtoto analia. La bibi yake mzaa baba, mtoto analia. La dada yake aliyefia Kisumu. Ndiyo kwanza mtoto anapandisha sauti. Kila jina analisema polepole, ananyamaza, anamtazama usoni kama mtu anayegonga mlango na kusubiri. Mwisho akasita, akavuta pumzi, akataja jina la mama yake mzazi, aliyekuwa amemzika mwaka uliotangulia.

Mtoto akakata kilio. Akapiga kwikwi moja, akafumbua macho, akamtazama yule mama. Tukamweka kwenye titi, akanyonya kama aliyetoka safari.

Jirani hakupiga vigelegele. Alifunika mdomo kwa mkono, akasema, "Mama. Kumbe ni wewe." Machozi yakamtoka, akatoka nje akaenda kusimama kwenye kichanja cha samaki akinipa mgongo. Mimi nikamwambia asante. Nilikuwa nimeshakwisha, ningemshukuru hata mwizi.

Siku ya saba tukafanya yetu. Mume wangu akasoma dua, mtoto akanyolewa, jina la mama yangu likatajwa, likaandikwa kwenye cheti. Alilia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Jirani alikuwa amealikwa, amekaa kwenye mkeka na wali wake, akasema kwa sauti ndogo lile jina jingine, mtoto kimya. Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka! Sikumsemesha mpaka kesho yake.

Tangu hapo mwanangu akawa na jina la kabatini na jina la mdomoni. La mama yangu lilikaa kwenye bahasha pamoja na pasipoti. La mama yake yule ndilo lililotembea ploti nzima, dukani, bombani, kiwandani. Hata mume wangu akaanza kuliita. Nikimgombeza anasema, "Si ndilo analoitikia?" Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mimi niliazima, na matako yangu yakawa nje kila siku.

Na laiti lingekuwa jina tu! Yule mama hakumwita mtoto kwa jina, alimwita Mama. Kila asubuhi kabla ya kwenda ufukweni anakuja mlangoni, anauliza, "Mama ameamka?" Siku ya soko anaaga: "Mama, naenda Rodi, nikuletee nini?" Mtoto anarusha miguu, yeye anasema, "Ndizi. Sawa." Akirudi anampakata, anamsimulia habari za magoti yake, za wateja wasumbufu, za wanawe wasioandika. "Umeona hao wajukuu yako, Mama?" Na mimi niliyemzaa nimekaa pembeni nachambua mchele, kama yaya.

Shemeji zake walikuja siku moja kutoka kijijini, wakabishana naye uani kwa Kijaluo ambacho sasa nilikifuata kidogo. Hawakukubali kwamba mama mkwe wa ndugu yao, mtu mzito, angekwenda kuzaliwa kwa watu wa Tanzania wasiohusiana naye. Nilifurahi, nikasogea dirishani nisikie anavyoshindwa. Akawajibu kwa Kiswahili, nadhani ili na mimi nisikie. "Mama alikuwa anauza samaki mpaka Shirati. Tanzania alikuwa anapenda. Amerudi na ile njia anajua." Wale wazee wakatazamana, wakaguna, wakaomba chai. Hivyo tu. Ikawa imepita.

Mtoto akaanza kusema. Wa kwetu husema "mama" au "baba." Wangu neno lake la kwanza lilikuwa "nyathina," yaani mwanangu, na alikuwa anamwambia yule mama mwenye mvi! Alifundishwa. Anatambaa mpaka kwenye kichanja, anamshika gauni, "Nyathina!" na yule mama anaitika kwa unyenyekevu kabisa, "Naam, Mama," anainama mtoto wa mwaka na kidogo amshike nywele kama anayemsuka. Majirani wa ploti za pili walikuja kutazama kama sinema. Roho iliniuma jamani, nisidanganye. Chakula changu hakutaka. Nikipika wali wa nazi, nazi yenyewe nimeitafuta mpaka nimechoka, anaonja anatema, anavuka ua anakula ugali wa mtama na tumbo la samaki mkononi mwa "mwanawe."

Nikafunga mlango. Wiki hiyo nikaamua mtoto atakaa ndani na mimi, atacheza na mimi, atakula changu. Akakaa nyuma ya mlango analia, na yule mama akakaa upande wa nje anamwimbia. Mume wangu akarudi akawakuta hivyo, mmoja ndani mmoja nje.

"Wewe mwanamke," akaniambia, "mtoto kupendwa ni dhambi?"

"Si dhambi. Apendwe akiwa wangu."

"Kwani ni wa nani?"

"Muulize yeye."

Ilipokaribia Idi nikamchukua mtoto nikaenda Migori, kwa Mtanzania mwenzangu tuliyejuana pale mwanzoni. Nilisema naenda sikukuu, lakini moyoni nilikuwa nimeapa kumsahaulisha. Nilimwita jina la mama yangu asubuhi na jioni, nikamnunulia gauni jipya, nikampikia pilau. Alikuwa na miaka miwili na ushei. Alitembea soko zima la Migori anavuta gauni la kila bibi aliyemkuta, anamtazama usoni, anaachia, anakwenda kwa mwingine. "Nyathina yuko wapi?" Wauza nyanya wakavunjika mbavu. Mwenyeji wangu naye akasema, "Shoga, wewe umezaa Mjaluo." Nilicheka nao. Kisha nikaingia chooni nikang'ata kanga.

Nikarudi naye Homa Bay kabla hata pilau halijaisha. Alipoteremka alikimbia. Yule mama alikuwa amekaa kwenye kigoda, kichanja kitupu, hajaanika kitu tangu tuondoke. Alimpokea mtoto, akamnusa utosini, akaniambia tu, "Pole na safari, Nyar Tanzania." Afadhali angenitukana.

Kisha gugu maji likaziba ziwa. Waliokuwepo wanalikumbuka, lilivyotanda kijani mpaka ukadhani ni shamba, mitumbwi imekwama, wavuvi wamekaa na mikono mapajani. Samaki wakaadimika na yule mama akawa hana pa kwenda. Akashinda nyumbani na mwanangu kutwa. Mvua nayo ikaja, ile mvua kubwa ya mwisho wa miaka ya tisini iliyong'oa madaraja Kenya na Tanzania. Ukumbini kwangu ndoo tatu zilikinga mabati yanayovuja, mume wangu hana samaki wa kugandisha, mimi nimenuna.

Katikati ya mvua hiyo mume wangu akaja nyumbani mchana, nguo zimelowa, na viatu hakuvua. Nikajua. Simu ilikuwa imepigwa kiwandani kutoka Morogoro. Mama yangu amefariki usiku, na asubuhi wameshamzika, kama sisi tunavyozika. Barabara zimekatika, reli imekatika. Hata ningeota mabawa, ningekuta kaburi.

Wanawake wa jirani wakaja. Kwetu msiba wa Kiislamu ni wa sauti ya chini, mtu anajikaza, anasema ni kazi ya Mungu. Wao waliingia na kilio kutoka barabarani, mikono kichwani, wakimwita mama yangu ambaye hawakumwona hata siku moja. Na aliyelia kupita wote ni yeye. Aliniuliza, "Kwani hawakukungoja?" Nikamwambia hatungoji. Akashika kichwa. Kwao maiti hukaa mpaka wa mbali wafike, na binti asipofika hawafukii. Akaanza upya kulia, akigaragara kwenye sakafu yangu, mpaka watu wakaanza kumbembeleza yeye. Nikatazama nikasema moyoni, hee, hata msiba wangu ananizidi!

Alipochoka akaketi ukutani. Mtoto wangu, ana miaka minne hivi, akamwendea, akakaa mapajani kwake, akamfuta machozi kwa kiganja. "Nyamaza, nyathina," akamwambia.

Hapo ndipo nilipopasuka.

"Wewe una mama!" nikamwambia, mbele ya watu wote. "Umempakata! Ulimzika na akarudi, yupo, anakufuta machozi. Mimi wangu amezikwa leo sijamwona, na jina lake nililomwahidi mmelifungia kabatini. Hakuna hata mtu mmoja dunia hii anayeitwa kwa jina lile. Hata mmoja! Unalia nini wewe? Nani kakufia?"

Mume wangu akasema jina langu kwa kunionya, nikamwambia anyamaze na yeye. Yule mama akanigeukia, mtoto bado mapajani. Nilidhani atainuka aende, na nilitaka aende.

"Mwite," akasema.

"Nini?"

"Mwite na jina ya mamako. Tuone."

Nikamwita. Mtoto hakugeuka, alikuwa anachezea shanga za shingoni mwa yule mama. Nikamwita tena kwa sauti. Aligeuka kwa sababu niliguta, akanitazama kwa woga, akajibana kifuani kwa yule mama.

"Sema pole pole," yule mama akaniambia. "Hiyo jina ni ngumu."

Nikamtamkia yule mama. Akajaribu, ulimi ukamteleza. Akajaribu tena. Wale wanawake wengine wakaanza kulitamka chini chini pamoja naye, kila mmoja anavyoweza, jina la mama yangu likazunguka chumba katika midomo ya watu ambao hawakuwahi kufika Morogoro. Akalipata, si sawasawa, lakini akalipata. Kisha akamsimamisha mtoto mbele yake, akamshika mabega, akamwita kwalo. Mtoto akamtazama. Akamwita tena.

"Naam," mtoto akaitika.

"Sikia. Wewe si mama yangu tena. Mama yangu alikuwa anapita tu, amepumzika, ameenda." Alikuwa anamwambia mtoto, na mimi simo. "Wewe sasa ni mama ya huyu. Unaona vile analia? Nenda kwa mtoto wako."

Akamgeuza, akamsukuma kidogo.

Mtoto akaja. Ulikuwa mwendo mfupi, mkeka mmoja tu, lakini alisimama katikati akageuka kumtazama, na yule mama akampungia mkono aendelee. Alipofika kwangu alisimama, hajui aanzie wapi. Akaniwekea kiganja shavuni. Kilikuwa kinanuka samaki.

"Nyathina," akaniuliza, "umekula?"

Sikuwa nimekula. Nikatikisa kichwa.

Yule mama akafunga leso yake vizuri kiunoni, akainuka kwa kushika ukuta kwa ajili ya magoti. "Basi," akasema akitabasamu kwa kila mtu, "leo ni mimi nimebaki yatima. Mara ya pili." Alicheka, lakini hakuna aliyecheka naye. Akatoka kwenye mvua, akavuka ua, akaingia kwake.

Mtoto akageuka kumfuata kwa macho. Nikamvuta, nikamshika kwa nguvu nilizokuwa nazo zote, nisije nikamrudisha.